Kiitaliano chetu cha Malindi na mkazo unaotuponyoka

Siku moja ufukweni Malindi nilikuwa nikimweleza mama mmoja wa Kiitaliano kwamba wageni wenzake hulipa kabla ya kupanda mashua. Nikasema kwa kujiamini kabisa, "Loro pagano", mkazo nikiutia kwenye ga. Alicheka mpaka akashika mbavu. "Wanalipa" ni PA-ga-no. Nilivyotamka mimi, pa-GA-no, ni mpagani!

Kosa hili si langu peke yangu. Kiswahili kimetuzoesha kukaza silabi ya pili kutoka mwisho. Ni maneno machache yanayokwenda kinyume, kama ba-RA-ba-ra, yaani sawasawa, na ba-ra-BA-ra ya kupita magari. Kiitaliano nacho mara nyingi hufuata njia hiyohiyo, na hapo ndipo kinapotuhadaa. Pa-GHIA-mo, tunalipa, na pa-GA-te, mnalipa, twavitamka vizuri bila kufunzwa.

Shida iko kwenye "wao". Kile kipande -no cha mwisho hakisogezi mkazo. PAR-la, anasema, PAR-la-no, wanasema. Te-LE-fo-na, anapiga simu; te-LE-fo-na-no, wanapiga simu, na mkazo sasa uko silabi ya nne kutoka mwisho! Dawa niliyoipata ni kutamka kwanza neno la "yeye", kisha kulining'inizia -no taratibu. Hata pa-GA-va, alikuwa akilipa, huzaa pa-GA-va-no. Wakati ujao ndio unaoturudisha nyumbani: pa-ghe-RAN-no, watalipa.

Maandishi hayasaidii sana. Alama huwekwa mkazo ukiwa mwishoni tu: parlo ni nasema, parlò ni alisema. Kwengineko ni sikio lako, na ndiyo maana vijana wa ufukweni waliojifunza kwa kusikiliza wageni mara nyingine huwashinda waliokesha na vitabu.

Jambo jengine ni konsonanti mbili zinazofuatana zikiwa sawa. Hugawanywa, moja huku, moja kule: leg-ge-re, kusoma. Sisi tuliopita chuoni twaijua shadda, basi ikaze vivyo hivyo. Por-te-RE-mo ni tutapeleka; por-te-REM-mo ni tungepeleka. Nimemsikia kijana akiwaahidi wageni safari ya magofu ya Gede kwa hiyo ya pili, nao wakabaki wanamtazama, wakingoja aseme "lakini".