Antiokia Walitoa Kabla ya Njaa

Desemba 26, 2004, siku moja baada ya Krismasi, tetemeko chini ya bahari karibu na Sumatra lilizusha mawimbi yaliyofika hadi pwani yetu. Waogeleaji kadhaa walifariki hapa Dar es Salaam. Sisi wa Tegeta, tunaoishi karibu na bahari, tuliuona msiba ule kuwa wetu pia. Dunia ilitoa kwa wingi usio wa kawaida: picha zilijaa kwenye televisheni, na watalii wa Ulaya walikuwamo miongoni mwa waliokufa. Oktoba 2005 tetemeko la Kashmir liliua zaidi ya watu 70,000, lakini michango ilikuja kwa kusuasua.

Serikali nazo zina mizani yake. Kimbunga Idai kilipopiga Machi 2019, Tanzania ilipeleka chakula na dawa Msumbiji, Malawi na Zimbabwe. Baada ya Freddy, mwaka 2023, ikapeleka unga wa mahindi Malawi. Ni ujirani, na jirani hukumbuka: tetemeko la Kagera la 2016 lilipobomoa nyumba zetu, Kenya na Uganda zilituchangia.

Kinachonisumbua ni Somalia. Maonyo ya ukame yalianza kutolewa 2010. Serikali za nje ziliogopa misaada isije ikaangukia mikononi mwa Al-Shabaab, na wananchi wa kawaida hawakuwa na picha ya kuwagusa. Umoja wa Mataifa ulitangaza baa la njaa Julai 20, 2011, ndipo fedha nyingi zikaja. Kwa makadirio yaliyotolewa baadaye, watu wapatao 260,000 walikufa, nusu yao watoto wa chini ya miaka mitano. Vifo vilikuwa vingi zaidi kati ya Mei na Agosti mwaka ule.

Sasa fungua Matendo ya Mitume, sura ya 11. Agabo anatabiri njaa, ile iliyokuja siku za Klaudio, na wanafunzi wa Antiokia wanaazimu kuwapelekea ndugu wa Uyahudi msaada, kila mtu kwa kadiri ya uwezo wake. Hawakuwa na picha hata moja. (Walikuwa na Barnaba, mtu aliyetumwa kwao kutoka Yerusalemu, na hilo si dogo: walijua mchango unapita mikononi mwa nani.)

Katika usharika wetu nimetoa sadaka maalumu za mafuriko, tetemeko na kimbunga. Sikumbuki hata Jumapili moja tulipopitisha bahasha kwa ajili ya onyo.