Makaburi ya Mbweni: Wanawake Walioletwa Bila Ukoo



Sisi tunaotoka Unguja kwenda kusalimia ndugu Mnyuzi na Korogwe hupita Muheza, penye njia ya kwenda Magila. Misheni ile na Kanisa Kuu la Mkunazini ni watoto wa mama mmoja, UMCA. Vijana wa Bonde, kama Petro Limo, walivuka bahari kuja kusoma Kiungani, wakarudi kwao kuwa mapadri. Lakini upande wa wanawake wa historia hiyo uko Mbweni, na sehemu yake kubwa imelala makaburini, penye Kanisa la Mtakatifu Yohana.

Misheni ilinunua shamba la Mbweni mwaka 1871. Mwaka 1873 Sultani Barghash alifunga soko la watumwa, na manowari za Waingereza zikaendelea kukamata majahazi yaliyobeba watu kwa siri. Waliookolewa walikabidhiwa misheni, na kuanzia 1874 wengi walipewa makazi Mbweni: kibanda, kipande cha ardhi na kazi ya shamba. Wasichana waliwekwa katika shule ya Mtakatifu Maria. Walikuwamo Wayao, Wamakua na watu wa Nyasa, na Kiswahili ndicho kilichowaunganisha.

Hebu tufikiri kama wanawake. Kwetu mwanamke akifa, wanawake wenzake ndio wanaomwosha: mama, dada, shangazi, wifi. Ukoo ndio unaochimba kaburi na kukaa matanga. Sasa binti aliyeibwa akiwa mdogo, asiyejua hata jina la kijiji cha mama yake, nani atamwosha? Mtumwa aliyefia njiani aliachwa hapo hapo. Mbweni jirani ndiye aliyekuwa shangazi, na aliyelala kitanda cha pili shuleni ndiye dada. Aliyekufa alisindikizwa kwa jina lake la ubatizo, akazikwa kama mtu mwenye watu wake.

Hatusemi Mbweni ilikuwa peponi. Ardhi ilikuwa ya misheni, na kazi na sheria zilipangwa na Wazungu. Hata hivyo wanawake wale walijenga kitu chao. Lucy Magombeani, mwalimu wa Mbweni, aliolewa na Cecil Majaliwa, naye aliyekuwa mtumwa, ambaye mwaka 1890 alipewa upadri. Mmoja wa uzao wao, John Ramadhani, alikuja kuwa Askofu Mkuu wa Kanisa Anglikana Tanzania. Ukoo uliokatwa ukaota upya.

Makaburini hapo amelala pia Bibi Caroline Thackeray. Alifika mwaka 1877, akaongoza shule ya wasichana hadi 1902. Alipostaafu hakurudi Uingereza. Alibaki Mbweni mpaka alipofariki mwaka 1926, akazikwa kati ya watu aliowafundisha. Kaburi lake linajulikana na wageni huoneshwa. Wanafunzi wake wengi hawana hata jiwe.

Hilo ndilo linalotuuma. Mbweni ya leo imejaa nyumba, na shule ya zamani imebaki magofu. Kaburi lisilo na jina, asipokuwapo wa kulikumbuka, hupotea mara moja tu, na mwanamke yule anarudi kuwa mtu asiye na kwao.

Askofu Frank Weston, aliyeanzisha hapa Unguja shirika la masista wa Mateso Matakatifu mwaka 1911, alifariki Hegongo, karibu na Magila, tarehe 2 Novemba 1924. Siku hiyo ndiyo Kanisa linawakumbuka marehemu wote. Basi tarehe 2 Novemba ijayo, tulio Unguja twende Mbweni na mafagio na majembe, tufyeke na tusali. Dada zetu wa Mnyuzi, Korogwe na Muheza, fanyeni hivyo hivyo kwenye makaburi ya misheni zenu. Na kabla ya siku hiyo, waulizeni bibi zenu majina ya waliolala hapo, myaandike daftarini.