Sauti ya bibi wa Suji na namba tatu za kurekodi

Wadau, mwaka 2009 nilipanda Suji na simu yangu kumrekodi bibi akisimulia kwa Chasu jinsi walivyokuwa wakipeana zamu za maji ya ndiva. Aliongea karibu saa nzima. Nikashuka Same, nikaingia intaneti kafe, nikavaa hedifoni... loh! Bibi kama yuko ndani ya pipa, S zote zinasikika F. Nikaligeuza faili kuwa MP3 ya kilobiti 320 nikidhani litasafika. Likanenepa tu, sauti ileile. Bibi alishafariki, kurudia haiwezekani.

Kosa langu. Simu ilikuwa inarekodi kwa AMR, mtindo uliotengenezwa kwa maongezi ya simu, sampuli 8,000 kwa sekunde. Sampuli ni nini? Kompyuta haipokei sauti mfululizo kama mfereji, inaipima mara nyingi kila sekunde. Hizo mara ndizo kasi ya sampuli. Igawe kwa 2, utapata sauti nyembamba kuliko zote inayoweza kuingia. Kwa hiyo yangu iliishia hezi 4,000, na nguvu nyingi ya S iko juu ya hapo. (Ndiyo maana ukitaja jina kwenye simu unaulizwa "S au F?") CD ni 44,100, inafika 22,050, wakati sikio zima linaishia kama 20,000. Sasa mtu anayerekodi maongezi kwa 96,000 anajaza kadi bure.

Kina cha biti ni wingi wa mistari kwenye rula ya kupimia. Biti 8 zina ngazi 256, biti 16 zina 65,536. Lakini hata ukiwa na 16, upepo wa Same ukiipiga maikrofoni, sauti inagonga dari na kilele kinakatwa. Kikikatwa ndiyo basi. Kaa nyuma ya ukuta, vika maikrofoni sponji, mita isivuke desibeli -12 hivi.

Bitireti ni biti zinazotumika kila sekunde. WAV ya CD: 44,100 × 16 × chaneli 2 = 1,411,200, kama MB 10 kwa dakika. Mzungumzaji mmoja, chagua mono, inabaki nusu. MP3 ya kilobiti 128 haifiki MB 1 kwa dakika, maana inatupa kile ambacho sikio halitakigundua sana. AMR yangu? Haikuzidi kilobiti 12.2!

Kwa hiyo ukienda kwa wazee, weka WAV, 44,100 au 48,000, biti 16, mono. Saa moja ni kama MB 320 tu. Hiyo itunze sehemu mbili, kisha toa nakala ya MP3 ya kugawa. WhatsApp usiitume kama voisi noti, itabanwa tena, itume kama dokumenti.

Faili la bibi bado ninalo. Nimeliacha AMR vilevile, kila kuligeuza kuwa MP3 kunalipunguza tena.