RAM: dola 7 zilizomfikisha waziri mbele ya mbunge wa Uvira

Septemba 2025 ilitimia miaka 5 tangu Wakongomani waanze kukatwa unite (salio la simu) kwa jina la RAM, rejista ya simu za mkononi. Sisi wa Bukavu tunaikumbuka kama kodi. Walioileta waliizungumza kama ukaguzi: kila simu ina namba zake 15 (piga *#06# utaziona), na kwa namba hizo ARPTC, mdhibiti wa mawasiliano, ingezitambua simu bandia na za wizi.

Wazo hilo halikuwa geni. Kenya ilizima simu bandia mwaka 2012, Tanzania ikafuata tarehe 16 Juni 2016. Kila nchi ilifanya peke yake. Wakati huo Kongo ilikaa na nchi za SADC, huku Rwanda, Burundi, Uganda na Kenya zikipanga mambo yao ndani ya Jumuiya ya Afrika Mashariki; Tanzania ndiyo iliyokuwa pekee yenye kiti pande zote mbili. Bukavu ikabaki mpakani kwa kila maana: mawimbi ya Rwanda yanavuka mto Ruzizi bila pasi, na wengi wetu tunatembea na kadi mbili, ya 243 ya Kongo na ya 250 ya Rwanda.

Hapo ndipo RAM ilipochekesha. Mwenye simu ya 2G alitozwa dola 1 kwa mwaka, mwenye 3G au 4G dola 7, zikikatwa kidogo kidogo mara sita kila anapoongeza unite. Waliokata ni makampuni ya Kongo. Simu ileile ikiwekwa kadi ya Cyangugu, ng'ambo ya Rwanda, hakuna aliyeiuliza ubora wake.

Aliyeushika ugomvi huu ni mtu wa kwetu, Claude Misare, mbunge wa Uvira. Alimwita waziri wa posta na mawasiliano, Augustin Kibassa Maliba, ajieleze bungeni Kinshasa. Waziri alisema RAM si kodi, ni malipo ya huduma. Huduma gani? Aliyenunua simu bandia Kadutu, hapa Bukavu, alikatwa sawasawa na aliyenunua halisi, na ya wizi iliendelea kuita. Wakosoaji walisema tozo hiyo haimo katika orodha ya kodi zinazotambuliwa na sheria. Oktoba 2021 wabunge walimzomea waziri ukumbini wakitaka RAM ifutwe, jambo lisilo la kila siku katika bunge letu. Mwanzoni mwa 2022 ikafutwa.

Mwaka huohuo, tarehe 8 Aprili, Rais Tshisekedi alitia saini mkataba wa kuingia Jumuiya ya Afrika Mashariki. Sababu ya kila nchi kukagua kivyake ilipaswa kuisha siku hiyo. Vita vikaja juu, na Februari 2025 mji wa Bukavu wenyewe uliingia mikononi mwa waasi wa M23.

Siku wakubwa watakapoketi tena, wakubaliane juu ya cheti kimoja cha simu kitakachotambulika kote katika jumuiya, na gharama ya ukaguzi ailipe mwenye kiwanda au mwagizaji wa shehena. Mama muuza ndizi wa Kadutu ameshalipa.