Mshukiwa Hupitia Kortini, Si Mlango wa Nyuma

Wasee, nilipotaja jina la Abdullah Öcalan juzi, komenti zilijaa swali moja: huyo ni nani na Nairobi inaingiaje hapo? Haya, kaeni chini.

Ni Februari 1999, wengi wetu hata hatujazaliwa. Öcalan ni kiongozi wa PKK, kundi la Wakurdi linalopigana na serikali ya Uturuki. Alitoka Syria 1998, akazunguka Urusi, Italia na Ugiriki, na hakuna aliyetaka kubaki naye. Wagiriki wakamleta Nairobi kimyakimya, wakamficha kwa balozi wao. Tarehe 15 akaingia kwenye gari akidhani anaelekea Ulaya. Uwanjani akakuta ndege, lakini ilikuwa ya kumpeleka Uturuki. Hakuna hakimu wa Kenya aliyemwona. Juni mwaka huohuo akahukumiwa kifo, hukumu iliyogeuzwa baadaye kuwa kifungo cha maisha.

Sasa, si ati hatukuwa na sheria. Tangu miaka ya 60 Kenya ina sheria za kukabidhi washukiwa kwa nchi nyingine. Nchi inayomtaka mtu inaleta ombi na ushahidi. Mshukiwa anafikishwa kortini akiwa na wakili. Hakimu anauliza: hili ni kosa hata hapa kwetu? Ni uhalifu kweli ama ni siasa tu? Akiridhika, mtu bado ana siku 15 za kukimbilia Mahakama Kuu kabla apandishwe ndege.

Najua mtaniambia, "Buda, mhalifu ni mhalifu, hizo siku 15 ni za nini?" Na mna pointi. Angalieni kesi ya ndugu wa Akasha. Walishikwa Mombasa Novemba 2014, Marekani ikiwataka kwa biashara ya dawa za kulevya. Kesi ya kuwakabidhi ikavutwa zaidi ya miaka miwili. Januari 2017 wakarushwa New York kabla korti imalize. Huko wakakubali makosa, ikiwemo kuhonga maafisa wa Kenya ili kesi isisonge. Baktash akapata miaka 25, Ibrahim 23. Wakenya wengi tulishangilia, hata mimi.

Lakini dawa ya korti inayohongwa ni kusafisha korti. Ukiiruka, ujue kuna bili inakuja.

Bili yenyewe ni hii. Juni 2021, Nnamdi Kanu, anayetaka Biafra ijitenge na Nigeria, alichukuliwa Nairobi na kupelekwa Abuja bila kuonyeshwa hakimu. Oktoba 2022, Mahakama ya Rufaa ya Nigeria ikafuta mashtaka kwa sababu ya jinsi alivyoletwa. Yaani njia ya mkato nusura imwachilie yule waliyemtaka sana. Ilibidi Mahakama ya Juu kuirudisha kesi Desemba 2023. Na huku kwetu, Juni 2025, Mahakama Kuu ya Nairobi ikasema Katiba ilivunjwa na serikali imlipe shilingi milioni 10. Hizo zinatoka wapi? Kwa ushuru wako, unapokata hata bando ya mia.

Si lazima umpende Kanu wala Öcalan. Mimi siwatetei. Nauliza tu nani anaamua kwamba mtu ni mhalifu, maana kabla ya korti kusikia, huyo bado ni mshukiwa. Ukiondoa hakimu, anayeamua ni mwenye gari na mwenye ndege.

Na haiishii kwa watu wenye bunduki. Novemba 16, 2024, Kizza Besigye alikuwa Nairobi kwa uzinduzi wa kitabu cha Martha Karua. Daktari, mwanasiasa wa upinzani, mgeni wetu. Siku nne baadaye alikuwa Kampala, amesimama mbele ya korti ya kijeshi.

Kutoka 1999 mpaka 2024 ni miaka 25. Marais wamebadilika, Katiba mpya tukapata 2010, lakini mlango wa nyuma bado uko wazi. Ukisikia tena "ameshikwa, amepelekwa", kabla ya kuandika "safi sana", uliza kitu kimoja: hakimu gani alimwona?

Siku ni wewe, hilo ndilo swali mamako atakuwa anauliza.