Budha, Mahavira na Heshima ya Mtu wa Chini

Tunapofundisha dini za dunia katika vyuo vyetu vya theolojia, mara nyingi tunaupitia Ubudha na Ujaini kwa haraka: mwanzilishi, mahali, mafundisho makuu, basi. Kwa haraka hiyo tunakosa swali ambalo historia yao inaiuliza kila imani, na yetu ikiwemo: mtu wa chini akija mlangoni anapokelewaje, na akishaingia anaketi wapi?

Swali hilo lilizuka katika bonde la mto Ganges, hasa katika nchi ya Magadha, ambayo leo ni sehemu ya jimbo la Bihar nchini India, yapata karne ya 6 na ya 5 kabla ya Kristo. Jamii ilipangwa katika matabaka manne: Brahmani, waliokuwa makuhani, Kshatriya, watawala na wapiganaji, Vaishya, wakulima na wafanyabiashara, na Shudra, watumishi wa hao wote. Mtu alizaliwa katika tabaka lake na kufa humo. Shudra hakuruhusiwa kujifunza maandiko ya Veda.

Hapo ndipo walipotokea walimu wawili, wote wa tabaka la Kshatriya. Vardhamana aliitwa Mahavira, yaani Shujaa Mkuu. Siddhartha Gautama aliitwa Budha, yaani Aliyeamka. Wote wawili waliacha nyumba zao, wakafundisha kwa lugha za watu wa kawaida badala ya Kisanskriti cha makuhani, na wakasema kwamba mtu hupimwa kwa mwenendo wake, si kwa kuzaliwa kwake. Mahavira alikaza sana agizo la kutodhuru chochote chenye uhai. Kwa kuwa jembe huua viumbe vya ardhini, wafuasi wake wengi walishika biashara; na biashara ndiyo iliyowaleta baadhi yao hadi Mombasa, ambako hekalu lao lipo hata leo.

Mapokeo ya Kibudha yanasimulia habari za Upali, kinyozi wa wana wa ukoo wa Budha mwenyewe. Vijana hao wa kifalme walipokwenda kuwa watawa, waliomba kinyozi wao apokewe kwanza, ili kwa cheo cha utawa awe mkubwa wao, nao wamsujudie na kiburi chao kivunjike. Baadaye Upali huyohuyo ndiye aliyeyakariri mbele ya baraza masharti yote ya utawa.

Lakini tusiipambe habari hii kupita kiasi. Mahaprajapati, mama mdogo aliyemlea Budha, alipoomba wanawake wapokewe utawani alikataliwa, hata mwanafunzi Ananda alipomwombea. Akapokewa kwa masharti mazito: mtawa wa kike, hata akiwa na miaka mia katika utawa, amwinamie mtawa wa kiume aliyepokewa siku hiyohiyo. Mtumwa naye hakupokewa mpaka bwana wake amwachilie huru. Kwa Wajaini, wanawake walikuwa watawa tangu mwanzo, ila kundi la Digambara linafundisha kwamba mwanamke hana budi kuzaliwa tena mwanamume kwanza ndipo apate ukombozi. Mlango ulifunguliwa, na ngazi zikajengwa ndani.

Kanisa letu nalo lina ukurasa wake. Mmisionari Mlutheri Bartholomäus Ziegenbalg alifika Tranquebar, kusini mwa India, mwaka 1706. Watu wa matabaka mbalimbali walibatizwa kwa maji yaleyale, lakini kanisani waliketi mbalimbali kwa kufuata matabaka yao.

Karibu karne mbili baadaye, mwaka 1891, alizaliwa B. R. Ambedkar katika jamii ya wale walioitwa wasioguswa, walio chini hata ya Shudra. Shuleni hakuruhusiwa kugusa chombo cha maji. Mtumishi asipokuwepo wa kummiminia, alibaki na kiu. Mtoto huyo ndiye aliyekuja kuongoza kamati iliyoandika Katiba ya India, ambayo ibara yake ya 17 ilifuta hali ya kutoguswa. Tarehe 14 Oktoba 1956, mjini Nagpur, aliingia Ubudha pamoja na mamia ya maelfu ya watu wake. Aliuangalia Ukristo pia, akaona na kusema waziwazi kwamba matabaka yalikuwa yangali hai makanisani.

Wapendwa, neno hilo la Ambedkar linatuhusu. Amri ya Nane inatukataza kumshuhudia jirani uongo, na jirani huyo ni Mbudha na Mjaini pia: tuyaseme mema yao bila choyo, na mapungufu yao bila kejeli. Kisha tugeukie madhabahu zetu. Tunahubiri Wagalatia sura ya 3, kwamba katika Kristo hakuna mtumwa wala mtu huru. Basi tutazame Jumapili hii binti wa kazi za ndani ameketi wapi, na mwenye ulemavu ameingilia mlango gani, na katika kikao cha wazee wa kanisa ni sauti ya nani haijasikika.