Ukatili, Mateso au Dhuluma? Jina la Anayotendewa Mzee

Mwaka 1975 daktari wa Uingereza, G. R. Burston, aliliandikia jarida la British Medical Journal kuwakumbusha wenzake kwamba si watoto wachanga tu wanaopigwa majumbani. Wazee nao hupigwa, na wanaowapiga ni ndugu wanaoishi nao. Jina alilolitumia kwa jambo hilo, likiwekwa katika Kiswahili neno kwa neno, ni "kumpiga bibi". Msomaji wa Tanga angelielewa papo hapo. Msomaji wa Nakivale aliyetoka Kivu, Kongo, angeelewa kisa kingine kabisa, kwa sababu kwao bibi ni mke. Aliyemzaa mama yake humwita koko.

Hapo ndipo kazi ya istilahi inapoanzia. Makazi ya wakimbizi ya Nakivale, wilayani Isingiro kusini magharibi mwa Uganda, yalianza mwaka 1958 na kutambuliwa rasmi mwaka 1960, wakati Watutsi wa Rwanda walipokuwa wakikimbia machafuko ya kwao. Leo wanaishi humo zaidi ya watu 150,000: Wakongomani walio wengi, Warundi, Wanyarwanda, Wasomali, Waethiopia, Waeritrea. Kiswahili ndicho daraja la wengi wao, lakini si Kiswahili kimoja. Mrundi aliyekaa miaka mingi Kigoma ana chake, wa Uvira ana chake, na mfanyakazi wa shirika aliyefunzwa Nairobi au Kampala huja na karatasi zenye cha tatu. Neno likiteleza kati ya hao, mzee ndiye anayeumia.

Jina la Burston halikudumu. Lilionekana finyu, kana kwamba wanaoumia ni wanawake pekee na madhara ni kipigo peke yake. Mahali pake pakaja lile ambalo Shirika la Afya Duniani hulieleza kwa namna hii: ni tendo moja au la kujirudia, au kutotenda lililostahili kutendwa, ndani ya uhusiano wowote ambamo mzee alitarajia kuaminiana, likamletea madhara au dhiki. Mambo mawili katika maelezo hayo yana uzito kuliko mengine. La kwanza ni kutotenda. La pili ni imani. Kibaka anayempora mzee barabarani ametenda kosa la jinai, ila hakuvunja imani yoyote; mjukuu anayepokea fedha za mzee na kumrudishia nusu ameivunja, hata kama hakupaza sauti wala kuinua mkono. Shirika hilo hukadiria kwamba katika kila watu sita wenye umri wa miaka 60 na zaidi, mmoja hutendewa hivyo kwa mwaka.

Je, Kiswahili kinalo jina linalobeba yote hayo? Yapo manne yanayoshindana, na matatu kati yake yana nchi zake.

Tanzania imelichukua neno ukatili. Kila Juni 15, siku ambayo Umoja wa Mataifa uliitambua mwaka 2011, hotuba na mabango ya huko husema "ukatili dhidi ya wazee", kama yanavyosema "ukatili wa kijinsia". Neno lina nguvu, na Watanzania walikuwa na sababu ya kulitaka. Kwa miaka mingi vyombo vya habari viliripoti mauaji ya vikongwe Shinyanga na Mwanza, wanawake waliotuhumiwa uchawi kwa sababu ya macho mekundu, macho yaliyokwiva kwa moshi wa kupikia. Asili ya katili ni Kiarabu, na mzizi wake ni ule wa kuua. Kwa yaliyotendeka Shinyanga, hakuna neno linalofaa zaidi. Tatizo ni kwamba mtu anayesahau kumgeuza mgonjwa kitandani usiku hajioni katili, na jirani zake hawamwoni hivyo. Akiulizwa kama nyumbani kwake kuna ukatili, atajibu hapana kwa moyo mweupe.

Unyanyasaji ni laini kidogo. Hulenga kero, dharau na uonevu wa kila siku, na masikio ya wengi hulisikia kama jambo la kazini au la mume na mke. Nalo linataka mtenda. Halifiki kwa asiyetenda kitu.

Wakongomani wa Nakivale, ukiwasikiliza, husema kutesa na mateso. Ni neno pana na la moyoni, lakini upana wake ndio udhaifu wake. Njaa hutesa, ugonjwa hutesa, ukimbizi wenyewe ni mateso. Mzee akisema "ninateswa", anayeandika malalamiko hajui bado kama anaandika habari ya mtu au habari ya dunia.

Kenya hupendelea dhuluma. Katiba yake ya mwaka 2010, katika kifungu cha 57, inawapa wazee haki ya kuishi kwa heshima bila kutendewa maovu, na pia haki ya kutunzwa na familia na dola. Neno dhuluma linaziunganisha haki hizo mbili vizuri kuliko yale matatu. Mswahili husema "amenidhulumu" pale mtu alipomlia fedha yake, alipomnyima urithi, alipomkatia ujira. Kudhulumu ni kuizuia haki isimfikie mwenyewe, na kuzuia huko kunaweza kufanyika kimya kimya, kwa kutofanya lolote. Kwa hiyo chakula kisichofika kwa mzee ni dhuluma, dawa isiyochukuliwa ni dhuluma, na kofi pia ni dhuluma, kwa kuwa usalama wa mwili ni haki yake. Kwa maoni ya makala haya, hilo ndilo linalostahili kuwa jina la jumla. Ukatili ubaki kwa kipigo na mauaji, na utelekezaji kwa mzee aliyeachwa.

Kuna mtego mdogo wa sarufi usiofaa kurukwa. "Unyanyasaji wa wazee" unaweza kumaanisha kwamba wazee ndio wanaonyanyasa. Hilo si jambo la wanasarufi peke yao, maana mzee katika Kiswahili si mtu wa umri tu. Ni baba wa mtu, ni mjumbe wa baraza, ni mwenye kauli ya mwisho katika ugomvi wa shamba. Kijana aliyewahi kuamuliwa vibaya na baraza la wazee anaweza kuusoma ubao wa tangazo na kufurahi kwamba hatimaye wazee wamekatazwa. "Dhidi ya" au "kwa" huondoa utata huo. Dhuluma kwa wazee, basi.

Jina likishapatikana, inabidi lishuke mahali mambo yanapotendeka. Nakivale hakuna nyumba ya wazee yenye geti na wauguzi wa zamu. Mzee anaishi kwenye kibanda chake kwenye kiwanja alichogawiwa, au kwa jamaa, au kwa jirani aliyempokea njiani wakati wa kukimbia. Kwenye orodha za mashirika yumo miongoni mwa watu wenye mahitaji maalumu. Asipoweza kusimama foleni siku ya mgawo, huandikisha mtu wa kumpokelea. Utaratibu huo ni wa huruma na pasipo huo wengine wangelala njaa. Pia ndio mlango ambao dhuluma hupitia kirahisi kuliko yote, kwa kuwa kuanzia hapo haki ya mzee ipo mkononi mwa mtu mwingine, na wa kuhesabu hayupo. Uganda ilipohakiki wakimbizi wote mwaka 2018 kwa alama za vidole na picha za mboni ya jicho, iliziba mwanya wa majina hewa. Lakini mashine hiyo hujua nani amepokea. Haijui nani amekula.

Na mgawo wenyewe umepungua. Julai 2023 Shirika la Mpango wa Chakula Duniani liliwagawa wakimbizi wa Uganda katika makundi matatu kwa kadiri ya uhitaji, na kundi la tatu likaacha kupata chochote. Katika nyumba ambayo vijana wamewekwa kundi la tatu na bibi yao akabaki la kwanza, fungu la mzee mmoja hugeuka sufuria ya watu saba. Kumwita binti anayegawa sufuria hiyo mdhulumu ni kosa. Anahitaji msaada kabla ya lawama, na istilahi nzuri inapaswa kuacha nafasi ya kutofautisha aliyeshindwa na aliyekusudia.

Nje ya makazi hayo, wazee raia wa Isingiro wana njia yao. Serikali ya Uganda hulipa ruzuku ya wazee ya shilingi 25,000 kwa mwezi, na ilipoenezwa nchi nzima umri wa kuanzia uliwekwa miaka 80 kwa wanaoingia upya. Kuipata kunategemea kitambulisho cha taifa. Mwaka 2021 shirika la haki la Uganda, Initiative for Social and Economic Rights, na wenzake walitoa ripoti iliyoonyesha jinsi wazee walivyokosa fedha hiyo kwa kutoandikishwa au kwa kuandikiwa umri usio wao. Hakuna mjukuu mwizi katika kisa hicho, wala muuguzi mkali. Kuna tarehe iliyokosewa kwenye kompyuta. Neno ukatili halikai hapo, dhuluma linakaa.

Nyumba za wazee zipo, ingawa si nyingi. Kampala ipo ya Nalukolongo, iliyoanzishwa na Kardinali Emmanuel Nsubuga mwaka 1978 na kutembelewa na Papa Fransisko mwaka 2015. Ng'ambo ya mto Kagera, Bukoba, serikali ya Tanzania ina makazi ya wazee ya Kilima. Ganze, Kilifi, nchini Kenya, makao ya Kaya Godoma yamewapokea wazee waliokimbia watoto wao wenyewe baada ya kutuhumiwa uchawi, mara nyingi kukiwa na shamba nyuma ya tuhuma. Kupokewa si mwisho wa hatari, hata hivyo. Katika tafiti zilizokusanywa na Shirika la Afya Duniani kutoka nchi mbalimbali, wafanyakazi wawili kati ya watatu wa nyumba za namna hii walikiri kuwa katika mwaka mmoja waliwatendea wazee jambo lisilofaa. Walikiri wenyewe. Itifaki ya Umoja wa Afrika kuhusu haki za wazee, iliyopitishwa Addis Ababa Januari 2016 na kuanza kutumika mwaka 2024, inazitaka nchi zishughulikie yote: tuhuma za uchawi, matunzo ya nyumbani, nyumba za wazee, na wazee walio katika vita na maafa.

Mabango ya Juni husema kupinga. Kupinga ni kusimama mbele ya jambo lililokwisha kujitokeza. Kuzuia huanza mapema na hakuna shangwe: zamu ya usiku yenye watu wa kutosha, mkaguzi anayefika bila taarifa, mpokeaji wa mgawo anayebadilishwa mzee akitaka, mjumbe wa kamati ya ustawi wa wakimbizi anayechungulia sufuria na si kibanda tu. Na mlezi anayepewa siku moja ya kupumzika, kwa sababu anayemwogesha, kumlisha na kumbeba mtu mzima mwezi baada ya mwezi huchoka hadi mkono wake ukawa mzito bila yeye kutaka.

Kesi ngumu zaidi za Nakivale hupelekwa Mbarara, kwenye hospitali ya rufaa ya mkoa. Daktari huenda anasema Kinyankore na Kiingereza. Mgonjwa anasema Kiswahili cha Kivu au Kinyabwisha. Njia ya haraka ni kumtumia aliyemleta awe mkalimani, naye mara nyingi ni yule yule anayeishi naye. Daktari anauliza michubuko imetoka wapi, swali linapitia kinywa cha mjukuu, na jibu linarudi kwa njia hiyo hiyo. Hapo hata istilahi iliyotungwa kwa uangalifu wote haina kazi. Kinachotakiwa ni mkalimani mwingine, mlango uliofungwa, mjukuu akisubiri kwenye benchi la nje, na swali lisilo na ukatili, dhuluma wala unyanyasaji ndani yake, kwa Kiswahili ambacho koko alikuja nacho: "Nani anakukamatiaka chakula? Anakuleteaka yote?"